Tanga la Kilo Arobaini

Mfuko ulikuwa nyuma ya mti wa Krismasi wa plastiki, chini ya feni mbili mbovu na boksi la vyombo ambavyo mama aliwatunzia wageni wasiofika. Nilikuwa nimeshuka kwenye stoo ya chini ya jengo letu kule Etobicoke, pembeni mwa Toronto, kumaliza kazi niliyoikwepa majira mawili. Mama alifariki wakati wa theluji, baba amehamia Brampton, mji wa jirani, kwa mdogo wangu, na wenye jengo walitaka stoo yao. Nilifungua zipu nikiwa na nia ya kutupa. Ikatoka harufu ya ukungu, ya mafuta ya kujikinga na jua, ya plastiki iliyozeeka, na kwa mbali ya maji ya ziwa, yale yasiyo na chumvi, yanayonuka kama kikombe cha chai kilichosahauliwa dirishani. Nikakaa sakafuni. Sikuweza kuinuka kwa muda, kwa sababu mbili, na goti langu ni moja tu kati ya hizo.

Ndani mlikuwa na matanga matatu, yamekunjwa kama mikeka. Ni matanga ya ule mchezo wa kusimama juu ya ubao majini, umelishika tanga kwa mikono miwili, upepo ukusukume. Wanaume wa rika la baba mjini Toronto waliupenda sana siku za utoto wangu, kisha wakauacha wote kwa pamoja, kama walivyoacha masharubu.

Baba alizaliwa Dodoma, ambako maji huja kwa ndoo, na alijifunza kuogelea akiwa na miaka thelathini na miwili, katika bwawa la mtaa, darasa moja na watoto waliovaa maboya mikononi. Ule ubao hakuununua. Toronto ina desturi nzuri: mtu akichoka na kitu chake anakiweka kando ya barabara mbele ya nyumba, na mwenye haja anakichukua bila kuongea na mtu. Meza yetu ilikuja hivyo, televisheni ilikuja hivyo, kitanda changu pia. Siku moja baba alirudi kutoka kiwandani na kitu juu ya gari kirefu kuliko gari lenyewe.

"Baba Rehema," mama alisema, "hiyo ni nini?"

"Chombo cha majini."

"Na sisi tunaishi ghorofa ya kumi na nne."

"Ndiyo maana kuna lifti."

Haukuingia kwenye lifti. Ulipanda ngazi, mimi nikiwa nimeshika mkia, na kwa miaka iliyofuata ulilala kwenye korido yetu kama mgeni asiyejua kuaga.

Matanga tuliyapa majina, kwa sababu namba zilizoandikwa pembeni hazikukaa kichwani mwangu. Kubwa, la mita sita na nusu za mraba, lilikuwa Shangazi, maana likifika hakuna wa kulizuia. La kati, mita nne na nusu, Mjomba. Dogo, la mita tatu, Kitinda. Baba alikuwa ameazima maktaba kitabu kuhusu mchezo huo, akakisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, akanakili jedwali moja na kulibandika kwenye friji. Kanuni ilikuwa nyepesi. Upepo ukiwa mwingi, chagua tanga dogo. Ukiwa mchache, kubwa. Na mtu mzito anahitaji tanga kubwa kuliko mtu mwepesi, hata wakiwa ndani ya upepo mmoja. Ukikosea kwa kuchukua kubwa, utabebwa usikotaka. Ukikosea kwa kuchukua dogo, utasimama katikati ya ziwa ukitazamwa na bata.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya kiangazi, kabla ya safari ya ziwa Simcoe, tulipima vitu viwili: upepo na sisi wenyewe.

Upepo tuliupima kwa kanga ya mama. Baba aliifunga kwenye chuma cha kibaraza, akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono kiunoni. Ikining'inia wima, Shangazi. Ikinyanyuka hadi usawa wa tumbo lake, Mjomba. Ikichapa chuma cha jirani, Kitinda. Msimamizi wa jengo alituandikia barua mara mbili kwamba kuanika nguo kibarazani hairuhusiwi, na baba alimjibu kwa maandishi, kwa heshima zote, kwamba hiyo haikuwa nguo bali kipimo cha hali ya hewa.

Msomaji ameshaona kasoro. Kanga iliyofungwa ghorofa ya kumi na nne, katikati ya majengo mawili marefu ya Etobicoke, inaeleza habari za upepo wa ghorofa ya kumi na nne katikati ya majengo mawili marefu ya Etobicoke. Ziwa lilikuwa mwendo wa saa nzima kaskazini, na lilikuwa na mambo yake. Mara nyingi tuliondoka na Kitinda, tukakuta maji yametulia kama uji uliopoa, na baba, kilo themanini na mbili, akasimama juu ya ubao na kitambaa chake cha mita tatu kama mtu aliyesimamisha basi kwa leso.

Kwa nini tusibebe yote matatu? Swali zuri. Mama aliliuliza kila Jumamosi.

"Anayebeba yote hajachagua," baba alijibu, na kuingia kwenye gari.

Kuhusu sisi wenyewe, tulitumia mizani ya mama ya bafuni. Mama alikuwa muuguzi na aliamini mizani ile kuliko alivyomwamini mchungaji, ingawa yeye mwenyewe hakuipanda. Baba aliandika kilo zetu kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa kabati lililo chini ya sinki la bafuni, mahali ambapo ni mtu aliyechuchumaa tu angeweza kuona. Safu moja ya B, safu moja ya R. Mimi nilipanda ubao siku za Kitinda tu, na aliniahidi hivi: nikifikisha kilo arobaini, nitaachana na Kitinda nipewe Mjomba.

Nilikuwa na miaka kumi na kilo thelathini na tano, na sijawahi kutaka kitu hivyo tangu wakati huo, hata shahada zangu. Kitinda lilikuwa jina la mtoto. Pia lilikuwa kitu pekee nyumbani kilichonitosha. Nguo zangu zote mama alinunua kubwa ili nikue nazo, desturi aliyoivusha bahari bila kuilipia ushuru: koti lililofunika vidole, viatu vyenye karatasi mbele, na hata suruali za baba, kwa sababu, alisema, mwanamume naye ananenepa, na vitambaa vizuri havingoji. Nilitaka tanga lililo kubwa kama koti langu.

Basi nikala. Baba alikuwa upande wangu. Mezani alinihamishia nyama kutoka sahani yake. "Kula, mama," alisema, kwani aliniita hivyo kama baba wa kwetu anavyomwita binti aliyechukua jina la bibi yake. "Mjomba anakusubiri." Nami nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kule, hapa najitafsiri mwenyewe, na ninaongea vizuri zaidi kuliko nilivyokuwa nikiongea. Nilikuja kulipa karo chuo kikuu ili nifundishwe lugha niliyokuwa nikifokewa kwayo bure nyumbani.

Thelathini na sita, mlango wa kabati ulisema. Thelathini na saba. Na safu ya B ikasema sabini na nane. Sabini na tano. Sabini na mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa nachuchumaa kuandika, kwa hiyo niliona. Baba alisema ni joto. Alikunywa maji kwa chupa kubwa, akajaza tena, na njiani kwenda ziwani tulisimama kila penye choo, hata pale tulipokuwa tumetoka kusimama. Tukifika, aliketi kwenye mchanga kwanza, "kuutazama upepo." Kisha ikaja Jumamosi ambayo kanga ilining'inia wima kabisa, kama imelowa, na baba aliitazama, mikono kiunoni, akasema, "Leo Kitinda."

"Lakini haijainuka, Baba."

"Kitinda," alisema, akaanza kuifungua kanga.

Nilikuwa mtoto wa kanuni. Upepo mchache, tanga kubwa. Ilikuwa kwenye friji. Kama upepo haukuwa umeongezeka, na bado tanga lilipaswa kupungua, basi lilibaki neno la pili la jedwali: mtu amekuwa mwepesi. Na nilijua zile kilo zilikokwenda. Zilihama mezani, mbele ya macho yangu, kwa uma, zikipita juu ya bakuli la mchicha. Kila alichopungukiwa kilikuwa katika safu yangu. Hesabu haikulingana sawasawa, yeye akipoteza tatu mimi nikipata moja, lakini nilidhani nyingine zilimwagika njiani. Nyumba yetu ilikuwa na kilo zake maalumu, kama ilivyokuwa na vyumba viwili na funguo nne, na mimi nilikuwa nakula za baba.

Sikumwambia mtu. Nikaacha kula.

Haikuwa rahisi, kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye njaa ya kudumu, na nimekuwa mtu mzima wa namna hiyohiyo. Lakini jengo lilikuwa na bomba la taka mwishoni mwa korido, lenye kifuniko cha chuma kama mdomo wa sanduku la posta, na mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kutupa takataka. Baba akishaondoka mezani, nyama ilishuka. Chapati ilishuka, na nakumbuka sauti yake ikigonga ukuta ghorofa baada ya ghorofa, kama mtu anayepiga makofi akiondoka. Mama alirudi asubuhi kutoka hospitali, baba akiwa anaondoka kwenda kiwandani, wakipishana mlangoni kama walinzi. Aliona sahani zangu tupu kwenye sinki akanisifu. "Mtoto anakula huyu," aliwaambia watu wa kanisani, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nikiwaza kuhusu maandazi.

Jumamosi ya tatu ya kufunga kwangu, tulisimama bafuni mapema asubuhi.

"Panda, mama."

Nikapanda. Thelathini na nne.

Baba aliigusa mizani kwa kidole cha mguu. "Shuka. Panda tena."

Thelathini na nne. Akapanda yeye. Nilikuwa nimeisubiri zamu yake kwa wiki tatu, nikiwa na hakika kama ya mtu aliyetuma kifurushi. Sindano ilitetemeka, ikasimama kwenye sitini na saba. Nikaanza kulia.

"Ah, unalilia tanga? Halitoki mbio, litasubiri."

"Hazijafika," nikasema.

"Nini hazijafika?"

"Kilo zako. Nimekurudishia tatu na hazijafika."

Baba aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Nilimweleza yote: nyama, jedwali, bomba la taka. Nilidhani angecheka, na nadhani alitaka, kwa maana mdomo wake ulianza. Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akakiona kilivyo, na mdomo ukaacha.

"Mama Rehema!" aliita. "Njoo. Huyu mtoto hali."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia, bado na nguo za kazi, viatu mkononi. Alinigusa paji la uso, akanivuta kope, akauliza tangu lini. Nikamwonyesha tangu lini. Nilifungua mlango wa kabati. Mama, ambaye hakuwa na sababu ya kuchuchumaa pale, akachuchumaa. Alishusha kidole kwenye safu ya R hadi chini. Kisha, taratibu, kwenye ile nyingine.

Aliponyanyua uso hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Mkienda ziwani, baba yako anasimama chooni mara ngapi?"

"Mara nne. Kwenda tu."

"Na maji?"

"Ile chupa kubwa. Mbili. Mara nyingine tatu."

"Ni kiangazi," baba alisema.

"Nyamaza, Baba Rehema."

Aliinuka, akashika kiuno cha suruali ya baba, akakivuta mbele. Palibaki nafasi ya kuingiza kitabu. Mkanda ulikuwa na matundu mapya, yaliyotobolewa kwa msumari.

"Hii nilikununulia lini?"

"Mwaka jana."

"Nilinunua kubwa," mama alisema. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu mwingine: "Nilinunua kubwa mwenyewe."

Sikumwelewa siku hiyo. Sasa namwelewa. Katika nyumba ambayo kila nguo ni kubwa, nani atajua kwamba ni mtu aliyepungua? Alikuwa amepima sukari vidole vya watu baki wasio na idadi, na mtu wake mwenyewe alikuwa anapungua ndani ya shati ambalo yeye alilichagua kwa upendo, namba mbili juu.

Hatukwenda ziwani. Walikwenda hospitali, na baba alibaki huko siku kadhaa, kwa sababu sukari ilikuwa imepanda kiasi ambacho daktari alimuuliza mama mara mbili kama kweli mgonjwa ameingia kwa miguu yake. Nilipopelekwa kumwona, alikuwa na mpira wa maji mkononi na shuka limemfunika hadi kidevuni. Niliuliza swali moja tu, nilikuwa nimelibeba kwenye lifti nzima: je, nimemmaliza mimi? Mama alinikalisha kwenye kiti cha wageni.

"Sikiliza. Kilo hazigawanywi kama nyama. Zako ni zako. Za baba yako zilikuwa zinatoka kwa mlango mwingine, na sasa tumeufunga. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kama usingeandika pale kabatini..." Alitoa chapati kwenye mkoba, imefungwa kwenye karatasi ya foili, akaishika mbele yangu hadi nilipoimaliza.

Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine ilisubiri ushahidi, na ushahidi ulikuja polepole kwenye mlango wa kabati. Baba aliporudi na sindano zake za insulini, safu zote mbili zilianza kupanda kwa pamoja. Sitini na tisa, thelathini na saba. Sabini na moja, thelathini na tisa. Kwa mtoto wa kanuni lilikuwa jambo la kushangaza, kwamba nyumba inaweza kupata pande zote mbili bila mtu kupoteza.

Mwisho wa Septemba, mizani ilinisomea arobaini. Nilikuwa nimekula chapati mbili dakika hiyohiyo, lakini mlango wa kabati hauulizi. Majani yalikuwa yameanza kuwa mekundu na kila mwenye akili alikuwa ameshafunga mambo ya ziwa. Baba alipakia ubao. Kwa mara ya kwanza alipakia matanga yote matatu. Kwa mara ya kwanza pia mama alikuja, na juisi na biskuti na sindano ndani ya mkoba, amevaa ile kanga mabegani juu ya koti. Koti langu lilikuwa jipya. Mikono yake iliishia kwenye kifundo, mahali mikono ya koti inapoishia. Nilidhani amekosea dukani. Tangu mwaka ule mama hakununua tena nguo iliyozidi, ya mtu yeyote, na kila mwaka alilalamikia gharama.

Ufukweni baba alitafuta kwa macho mahali pa kufunga kanga, pakakosekana. Mama akaivua mabegani, akashika pembe mbili na kuinyanyua mbele yake, mikono imenyooka, kama anayemwonyesha mtu shuka la kuuza. Kanga ikainuka. Ikafika usawa wa tumbo la baba, ikabaki pale.

"Inasema nini?" mama aliuliza kutoka nyuma ya kanga.

Ilikuwa mara ya kwanza kanga ile kupima upepo mahali upepo ulipokuwa. Baba alinigeukia.

"Mama, soma wewe."

"Mjomba," nikasema.

Aliingia majini hadi kiunoni, akiwa na suruali, baridi ile, mama akimfokea, akashikilia ubao. Nikavuta kamba. Nilikuwa nimezoea Kitinda, ambalo huinuka kama mtoto anayeamshwa. Mjomba alikuja mzito, maji yakimmwagika, kisha ghafla hakuwa mzito tena. Kitu kikakamata upande wa pili, kama mtu aliyeshika mwisho wa shuka mnalolikunja pamoja. Baba akaachia. Nilikwenda labda mita ishirini. Nimekuwa nikisema mia kwa watu wasionijua. Nilisikia maji yakisema chini ya ubao, na nilimsikia mama akipiga vigelegele, vile vya harusini, mbele ya wazee wawili waliokuja kutembeza mbwa. Kisha nikaanguka.

Walinifunga kwa ile kanga. Baadaye mtu fulani, katika haraka ya kuondoka kwenye baridi, alilikunja tanga na kila kilicholala juu yake. Mama aliitafuta kanga ile miaka yote. Alimshuku dada yake baba, shangazi wa kweli, aliyekuja kututembelea Krismasi hiyo, na nasikitika kusema alimshuku hadi mwisho.

Ilikuwa ndani ya Mjomba. Niliikuta pale sakafuni mwa stoo, katikati ya kukunjua, imeshikana na plastiki, nyekundu yake imeachia doa kwenye mita nne na nusu.

Niliipeleka Brampton. Baba ana miaka themanini na kitu sasa, anaishi katika chumba cha chini cha mdogo wangu, aliyezaliwa miaka mitatu baada ya haya yote na ambaye haamini hata moja. Amekuwa mwembamba tena, wembamba wa kawaida, wa umri, ambao hauna mlango wa kufunga. Nilimkuta nje, kwenye kiti mbele ya gereji, kwenye mtaa mpya ambao miti yake bado imefungiwa vijiti. Niliweka kanga mapajani mwake. Aliinusa, akaikunjua, akashika pembe mbili na kuinyanyua mbele yake. Upepo wa Brampton ukaichukua.

"Mjomba," alisema hatimaye.

"Nimelileta. Liko kwenye gari. Yote matatu."

Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, kama alivyokuwa akiitazama kanga kibarazani.

"Una kilo ngapi siku hizi, mama?"

Nikamtajia, nikiwa nimepunguza kumi kwa ajili ya heshima.

"Na hizo nyingine ninazoziona ni za nani?"

"Ni zako, Baba. Nilikuwa nakutunzia."

Alicheka hadi kanga ikamponyoka, nami nikaikimbilia barabarani na goti langu moja zima.